Ngazi ya Chaki

Tabata, usiku wa kuamkia safari yako

Salma mwanangu,

Salamu ulishanipa jioni uliponiamkia, na afya yako sina haja ya kuiuliza kwa sababu nakusikia unavyokoroma ng'ambo ya pazia. Basi niingie moja kwa moja kwenye lililonikalisha hapa: nimeona kwamba umetoa nguo zako kwenye begi.

Usidhani umejificha. Gauni la kijani limerudi kwenye msumari wake, kanga zako ziko tena juu ya sanduku langu, na vile viatu tulivyovibishania Kariakoo mpaka muuzaji akachoka umevisukuma chini ya kitanda. Begi lenyewe umelifunga zipu ukalisimamisha karibu na mlango, limetuna vizuri, kumbe ndani umetia mto. Mto, Salma! Mimi niliyekuzaa nidanganywe na mto.

Nilitaka kukuamsha palepale. Nilishafika kwenye pazia na mkono nimeshaunyoosha, nikakumbuka kwamba ukiamshwa kwa ukali unanuna, na ukinuna maneno yangu yote yanapita juu ya kichwa chako. Hulka hiyo si ya baba yako, Mungu amrehemu. Ni yangu. Nikarudi mezani, nikaisogeza kompyuta pembeni kidogo, nikachukua kalamu.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kuvaa sweta, wala za kuukumbatia mkoba kwenye basi. Hayo umeyasikia mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Nataka tuzungumze juu ya ngazi ya mteja wetu Mzee Sefu, kwa sababu najua ndiyo iliyozitoa nguo zako kwenye begi.

Nilikusikia leo alasiri. Nilikuwa jikoni napepeta mchele, na wewe uko kwenye michongoma unaongea na jirani yetu Mama Ashura. Mlidhani nimelala.

"Mie siendi tena," ulimwambia. "Ntaenda mwakani, Mungu akipenda. Mama ile mashine haiwezi peke yake. Si umemwona mwenyewe jana?"

Mama Ashura akacheka. "Nimemwona, kasimama kaelekea chooni kama anasubiri zamu."

"Sasa ndo ntamwachaje?"

Nikauweka ungo chini. Hasira ilikuwepo, siwezi kusema haikuwepo, lakini kilichonishika zaidi ni uchungu. Ungesema kwa kunicheka ningetoka nikakujibu. Ulisema kwa upole, kama watu wanavyomzungumzia mgonjwa aliye chumba cha pili, na mimi siumwi.

Halafu hilo neno "mwakani". Nalijua vizuri, maana mimi ndiye niliyekufundisha. Barua ya kwanza kutoka Arusha ilipokuja, ile ofisi ya wachora majengo iliposema wana nafasi ya kijana wa kujifunza kazi, nilikwambia usubiri hadi mwakani, kazi ni nyingi, tumalize kwanza zile nyumba za Tegeta. Uliikunja barua ukaenda kuosha vyombo. Nyumba za Tegeta zikaisha, zikaja nyingine, maana siku hizi kila aliyepata kibanda cha biashara anataka kujenga, na mimi sikulitaja tena jambo lile na wewe hukuuliza. Nilikuwa nikiamka nakukuta umeshakaa kwenye kompyuta, nafurahi. Nilijiambia mtoto huyu anapenda kukaa na mama yake. Nilijiambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi nilijiamini.

Sasa wamekuandikia tena. Ofisi kukuandikia mara ya pili si jambo la kawaida, mwanangu, wenye kuhitaji kazi wamejaa. Mara hii nilinyamaza, sikukuzuia hata kwa neno moja. Kumbe sikuhitaji. Kizuizi nilichokiweka zamani bado kiko palepale na wewe umekizoea, umejizuia mwenyewe kwa niaba yangu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wala si ngazi.

Nikurudishe nyuma kidogo, umjue vizuri huyu unayemwonea huruma.

Nilipoanza kuchora ramani serikalini nilikuwa na umri kama wako. Chumba kizima wanaume, na mimi. Kila mtu alikuwa na meza yake ya kuchorea, rula ya T, kalamu za wino, na wembe wa kukwangulia makosa. Ukikosea unakwangua karatasi taratibu, ukikwangua kwa pupa inatoboka, na ikitoboka unaanza upya huku mkubwa wa chumba anakutazama. Nilipotaka kuchora upande wa pili wa nyumba sikugeuza karatasi. Niliinuka, nikaizunguka meza, nikainama kutokea upande ule. Wenzangu walinicheka. "Dada huyu ngamia wa kinu cha mafuta," walisema. Mwanzoni mimi niliendelea kuzunguka, kwa sababu ndivyo nilivyoweza kuiona nyumba.

Nyumba ya kwanza niliyopewa peke yangu ilikuwa ya mwalimu mmoja, huko Ukonga. Kwenye karatasi ilipendeza mpaka mkubwa wa chumba akaibandika ukutani. Ilipojengwa, yule mwalimu akaniita. Hakunitukana. Alinikaribisha chai, tukanywa, tukazungumza habari za mvua, halafu akaniomba nikafungue mlango wa chumba cha kulala. Nikausukuma, ukagonga kitanda ukagoma. Kitanda kile hakikuwa na mahali pengine pa kukaa. Yeye na mkewe walikuwa wakiingia chumbani ubavuubavu.

Tangu hapo hakuna ramani iliyotoka mikononi mwangu kabla sijaichora kwa chaki chini, chumba kimoja kimoja, kwa ukubwa wake halisi, nikatembea ndani yake. Ofisini nilifanyia nyuma ya stoo. Nilipohamia Tabata nikafanyia uani, na wewe hapo ndipo ulipojifunzia kutembea, kwenye sebule za watu nilizozichora kwa chaki. Ulipokua kidogo ukawa unaruka kutoka chumba hadi chumba kwa mguu mmoja, unanifutia kuta, nakufukuza na mwiko. Majirani walizoea. Mama Ashura alipohamia aliuliza kama sisi ni waganga.

Kisha mambo ya nchi yakabadilika, biashara zikafunguliwa, na serikalini tukapunguzwa. Nilijiona nimetupwa, lakini haikuchukua muda nikagundua kwamba hao hao waliofunguliwa biashara wanataka nyumba. Nikaanza kuchora hapa hapa chumba cha mbele. Na mjomba wako aliporudi Dubai na kompyuta ile imeviringishwa kwenye godoro, akasema humo ndani mna programu ya kuchora nyumba ikasimama kama ilivyo, ukaigeuza ukaiona mbele, nyuma, juu na chini, mimi nilifurahi kuliko wote. Niliona nimepata meza inayozunguka yenyewe, nami nimepumzika kuwa ngamia.

Unajua kilichofuata. Wewe ulishika kwa wiki chache, mimi nikawa naumwa kichwa. Kuchora kuta niliweza, madirisha niliweza. Kilichonishinda ni kuzungusha. Ile alama ya kuzungushia, ukiichagua kinatokea kiduara chenye mistari ya digrii, kama protrakta ya kwenye boksi la hesabu la shule. Kikiwa cha bluu, kimelala sakafuni. Kikiwa chekundu au kijani, kimesimama ukutani, ukuta huu au ule. Nacho kinafuata kishale cha kipanya: ukikipeleka kishale juu ya sakafu kinalala, kikigusa ubavu wa kitu kinasimama, na kishale changu mimi hakitulii.

"Mama, usibonyeze kwanza," ulikuwa unaniambia. "Kilaze. Subiri kiwe bluu. Haya, sasa shikilia kitufe cha shifti, kisikutoroke."

"Nimeshikilia."

"Hujashikilia, mama. Umebonyeza ukaachia."

"Nikishikilia siku nzima, ntapikia mkono gani?"

Ulinifundisha utaratibu wake mara nyingi mpaka nikakuonea aibu. Kwanza kiduara kilale panapotakiwa, na kifungwe pale kwa shifti. Halafu uonyeshe kitovu, pale kitu kitakapozungukia. Halafu uonyeshe kitu kimeanzia wapi. Mwisho kabisa ndipo uandike digrii. Mimi nilitaka kuanza na digrii. Digrii nazijua tangu ujana wangu, nani anifundishe digrii? Sikuwahi kujiuliza zimelala juu ya nini, kwa sababu kwenye meza yangu ya zamani kila kitu kililala juu ya meza, hapakuwa na pengine pa kulala.

Kwa hiyo Mzee Sefu alipokuja na ngazi yake niliogopa, ingawa usoni nilitabasamu. Unamkumbuka alivyokaa hapo, kofia juu ya goti.

"Mie nataka ngazi inayozunguka," alisema. "Izunguke nguzo, ipande. Mgeni akiwa katikati aseme mashallah kabla hajafika juu."

"Itazunguka, mzee."

"Na isimwangushe."

"Haimwangushi."

Kikanyagio kimoja nilikichora vizuri. Kilipofika wakati wa kukizungusha kwenye nguzo ili vingine vifuate, kiduara changu kilikuwa kimesimama kwenye ubavu wa nguzo, mimi sikuangalia rangi, nikaandika digrii zangu kwa kujiamini. Vikanyagio vyote vikajipanga wima kama pangaboi lililotundikwa ukutani. Ulicheka mpaka ukakaa chini, nami nilicheka. Digrii zenyewe zilikuwa sahihi, wala sikukosea hata moja.

Usiku ule baada ya kucheka nilikumbuka maharage. Sijui kama unayakumbuka, ulikuwa mdogo. Ni siku tuliyopewa barua za kupunguzwa. Nilirudi nyumbani na rula ya T kwapani, kwa sababu ilikuwa yangu na sikutaka wabaki nayo, nikakuta umeunguza maharage. Nilikusema, Salma. Nilikusema mpaka watu wakatoka kwenye nyumba zao. Uliokota sufuria ukaenda kuisugua nje, unasugua huku mabega yanaruka. Hasira ile nilikuwa na haki nayo kabisa, siku ile nilidhulumiwa. Lakini haikuwa ya maharage wala haikuwa yako. Nilishindwa kuipeleka ilikostahili nikaimwaga kwa aliyekuwa karibu. Sijawahi kukuomba msamaha kwa sufuria ile, basi leo naomba. Nisamehe, mama.

Na hivyo ndivyo nilivyofanya na mapenzi yangu pia. Kukupenda nimekupenda kwa kipimo kinachotakiwa, hata zaidi. Ila nilipouona ule mwaliko wa Arusha niliyaelekeza mapenzi hayo kwenye kukushika. Sikuangalia yameelekea wapi. Niliangalia wingi wake tu nikaridhika.

Sasa nije kwenye jana, maana jana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Ulipokwenda kuwaaga wenzako uliosoma nao, niliketi peke yangu nikaapa ngazi ile itazunguka. Nilifanya kila ulichonifundisha. Nilisubiri kiduara kikawa cha bluu. Nilishikilia shifti mpaka kidole kikafa ganzi. Kitovu nikakiweka katikati ya nguzo, nikaonyesha kikanyagio kilipo, nikaandika digrii, kikazunguka kwenda kulia kama nilivyotaka. Nikakipandisha kidogo, nikafanya kingine, na kingine. Ngazi ikapanda! Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani. Nikaichapa kwenye karatasi, nikachukua chaki nikatoka uani.

Ndoo nikaifudikiza katikati iwe nguzo. Nikachora vikanyagio kimoja kimoja kuizunguka, kama karatasi ilivyosema, kuanzia upande wa jiko mpaka nusu duara, maana ngazi ile inazunguka nusu tu kabla haijafika juu. Nikasimama kwenye cha kwanza, nikaanza kutembea. Nilipofika cha mwisho nikainua macho, nikakuta natazamana na mlango wa choo. Mahali nilipo ndipo palepale panapotakiwa. Uso ndio uliokuwa umeelekea kusiko. Ngazi ilizunguka kushoto. Mgeni wa Mzee Sefu angefika juu akaukuta ukuta mbele ya pua yake, na ukumbi uko mgongoni.

Nilisimama pale nikifikiri. Mama Ashura akaniona kupitia michongoma akaniuliza, "Shoga, kwema? Mbona umekigandia choo?" Ndipo ukaingia wewe. Ukaniona, ukaiona chaki, ukacheka. Halafu ukaacha kucheka. Nilikuona ulipoacha. Uliichukua karatasi mkononi mwangu ukaitazama, ukasema "ntairekebisha kesho, mama," ukaingia ndani. Kesho, wakati kesho ilikuwa siku yako ya kumalizia maandalizi ya safari! Na leo hukuigusa ngazi wala hukumalizia maandalizi, ulizunguka humu ndani unafagia palipofagiliwa.

Nataka nikwambie wewe uliona nini na mimi niliona nini, maana tulikuwa tumesimama uani pamoja. Wewe ulimwona mama yako aliyeshindwa, amesimama kaelekea chooni na majirani wanamcheka. Mimi nilikuwa naona kosa limekamatwa. Limekamatwa kwa chaki yangu, uani kwangu, kabla karatasi haijafika kwa fundi wa kuchomelea, ambaye chuma chake kikishaungana hakiachani kwa kuombwa radhi. Hukulikamata wewe, Salma. Hukuwepo. Nililikamata mimi kwa kutembea, kama ninavyokamata makosa yangu tangu mlango ule wa Ukonga ulipogonga kitanda. Kitu nilichokuwa sijakijua jana ni kwa nini nilikosea. Na kujua kwa nini ni kazi ya mchoraji, wala si msiba wa kumfanya mtoto afungue begi.

Leo baada ya Isha umeme uliporudi, wewe umeshalala, nimekaa kukitafuta chanzo chake. Nilirudia hatua zangu zote polepole. Nimekiona. Jana, ili nione vizuri kikanyagio kinavyoungana na nguzo, niliigeuza picha nikaitazama kutokea chini, kama fundi aliyelala chali. Sikuirudisha. Kiduara kikajibandika kwenye upande wa chini wa kikanyagio. Rangi ilikuwa ya bluu, kwa hiyo nikaridhika. Nikakiona kinakwenda kulia. Kulia kwa aliye chini! Kwa anayepanda ni kushoto. Ninajua hukunifundisha hilo, na nadhani ni kwa sababu wewe hujawahi kukosea hivyo. Huko Arusha ukimkuta mwenzako ngazi yake inageuka kinyume, muulize kwanza alikuwa anaitazama kutokea wapi.

Basi nikajipandisha juu. Nikaigeuza picha mpaka nikawa natazama sakafu kama anayechungulia kutoka darini. Nikakilaza kiduara, nikasubiri, nikakifunga. Kitovu, mwanzo, digrii. Vikanyagio vikapanda kwenda kulia. Nilipomaliza nikashuka tena chini kwa macho tu, mikono nimeiweka mapajani nisije nikabonyeza kitu, nikaitazama kila upande, hata upande ambao Mzee Sefu hatauona maisha yake yote. Imekaa.

Lakini sikuandikii ili ujue kwamba nimeweza. Hapa nisome vizuri, kwa sababu nakujua, unaweza kufurahi ukaenda kwa furaha hiyo, halafu siku ukisikia nimekosea ukapanda basi la kurudi. Hata ningeshindwa leo, ungeondoka. Hata kama karatasi iliyo mbele yangu ingekuwa na pangaboi, ungeondoka. Nitakosea tena. Nitachora ngazi zinazokwenda chooni na madirisha yanayotazama madirisha, na chaki itaniambia, na Mama Ashura atanicheka, na nitafuta nianze upya. Huo ndio uzima wangu. Ukibaki ili nisikosee, utakuwa umeninyang'anya kazi yangu, na mimi nitakuwa nimekunyang'anya yako, na tutakaa humu ndani tunatazamana kila mmoja akimlinda mwenzake mpaka tuchukiane.

Na huko uendako utakosea wewe. Sikuombei usikosee, hiyo dua haijibiwi. Nakuombea upate uwanja wa kuchora chini, na usione haya kutembea juu ya kazi yako watu wakikutazama. Watakucheka wenye meza nzuri. Mimi nilipochekwa nilinyamaza, na kuna miaka niliacha kabisa kuzunguka meza kwa sababu ya kicheko chao, nikachora nikiwa nimekaa kama wengine, na michoro yangu ya miaka hiyo siipendi. Najuta miaka ile kuliko ule mlango.

Nitakukosa. Sijui kuliandika jambo hili kwa namna nyingine. Nikiita "Salma" jioni nani ataitikia "bee" kwa sauti ile ya kuchoshwa? Nyumba itakuwa kubwa. Nimeogopa siku hii tangu ulipoanza kuruka vyumba vya chaki kwa mguu mmoja, na woga wenyewe ndio ulioniponza nikakuambia "mwakani". Sitalisema tena neno hilo, na wewe usiliazime kwangu.

Nimemaliza ngazi nimetoka uani na tochi. Ile ya jana nimeifuta kwa maji, nimechora nyingine. Nimetembea juu yake mwenyewe, polepole, kanga imepandishwa, na najua nimefika wapi.

Nguo zako nimezirudisha kwenye begi. Gauni la kijani liko juu, lisikunjike. Viatu nimevifunga kwenye gazeti. Mto nimeuchukua, ni wangu kwanza, na usiku huu nina haja nao. Alfajiri nitalitoa begi mwenyewe.

Utakapoamka na kuisoma hii, usije kubishana na mimi. Toka nje. Anzia pale kwenye mlango wa jiko, nguzo iwe mkono wako wa kulia, ndoo nimeiacha katikati. Kanyaga kila kikanyagio, usiruke. Ukifika cha mwisho inua macho: utajikuta umeelekea getini, na begi lako litakuwa hapo limesimama, safari hii limejaa nguo. Mimi nitakuwa nyuma yako, upande wa choo, nikijifanya nachota maji. Nitalia, najijua, na huenda nikajisahau nikakuita jina.

Usigeuke, mama. Nenda.

Mama yako